Dhidi ya Tepu Nyeusi

Kuna watu wenye akili timamu, wengine wamesoma kunizidi, ambao ukiwaambia kwamba bunduki ya rangi inahitaji kubadilishwa shingo, hucheka. Husema ni anasa. Husema ni tamaa ya vijana wa Kimarekani wasiojua pa kupeleka fedha zao. Husema mchezo wenyewe ni upuuzi, sasa shingo ya nini? Na wakiwa ni watu wa mchezo, husema jambo baya zaidi: ati tepu inatosha. Nimeandika kurasa hizi dhidi ya maneno hayo mawili, "tepu inatosha", na dhidi ya kila mwenye uwanja, mwenye kiwanda na mwenye duka anayeyategemea ili apate kulala usingizi.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo wa peintiboli, nieleze kwa ufupi. Watu hugawanyika makundi mawili, huingia msituni au katika uwanja wenye vizuizi, na hufyatuliana vidonge vya rangi. Aliyepigwa, kidonge kikapasuka mwilini mwake, ametoka. Kidonge chenyewe ni duara la jelatini, ndugu wa vile vidonge vya dawa tunavyomeza, na rangi iliyomo siku hizi huoshwa kwa maji. Kipenyo chake ni inchi 0.68, yaani milimita 17 na ushei. Uzito wake ni kiasi cha gramu 3. Bunduki hukirusha kwa nguvu ya gesi. Wachezaji huko Marekani huepuka kuiita bunduki. Hukiita kifaa hicho "kitia alama", ili majirani na polisi wasiingiwe na hofu. Mimi nitasema bunduki, kwa kuwa anayepigwa haulizi jina. Juu ya bunduki hukaa chombo kama kibuyu kilicholazwa, kinachochukua vidonge 200 hivi. Mafundi tunakiita hopa, kama ile ya mashine ya kusaga mahindi, na kazi yake ni ileile. Kati ya hopa na bunduki pana bomba fupi, si refu kupita kidole, ambamo vidonge hupita kimoja kimoja kuingia chemba. Bomba hilo ndilo shingo, na ndilo kiini cha ugomvi wangu.

Bunduki za mwanzo hazikuwa na shingo. Ile iliyoanzisha mchezo, Nelspot 007, ilitengenezwa na kampuni ya Daisy kwa ajili ya kampuni ya rangi ya Nelson, nayo ilikuwa chombo cha kazi: mabwana miti waliitumia kutia alama miti ya kukatwa, na wafugaji kutia alama ng'ombe. Vidonge vichache vilikaa katika bomba lililolala sambamba na mtutu, na mtu aliinamisha bunduki ili kimoja kiviringike kiingie ndani. Tarehe 27 Juni 1981 wanaume 12 walikutana Henniker, katika jimbo la New Hampshire, wakaingia msituni na bunduki hizo kuwindana, na hapo mchezo ukazaliwa. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu. Alikusanya bendera zake zote bila kufyatua hata mara moja. Habari hiyo hutupwa usoni pangu kila ninapozungumza juu ya vifaa: mshindi wa kwanza hakufyatua, kwa hiyo kifaa si kitu. Jawabu langu ni fupi. Bwana White alishinda kwa miguu na kwa macho, nami ninayoyatetea hapa ni macho. Zaidi ya hayo, hakuwa amebeba hopa ya vidonge 200 kichwani pa bunduki yake.

Sasa tazama jinsi shingo za kawaida zinavyoshika hopa. Katika bunduki nyingi za bei nafuu, na karibu zote za kukodi zilizopita katika meza yangu ya ufundi, shingo ni bomba tupu au kiwiko cha plastiki. Hopa ina mkia. Mkia husukumizwa ndani ya bomba, ukakazwa na msuguano, basi. Hakuna skrubu, hakuna pini, hakuna kabari. Na mikia haifanani: kiwanda hiki hufanya mkia mnene kidogo, kile hufanya mwembamba, plastiki hutanuka juani na kusinyaa kwenye baridi, mkia uliokwisha kusukumizwa na kung'olewa mara mia tano umekwisha kulika. Tofauti ya nusu milimita inatosha kuharibu kila kitu. Hapo ndipo inapoingia tepu nyeusi ya mafundi umeme. Mtu huzungusha mkiani mizunguko miwili, mitatu, husukumiza kwa kiganja, huridhika. Tepu hupata joto, gundi yake hulainika, plastiki huanza kuteleza juu ya gundi. Asubuhi hopa imeshika. Saa nane mchana inazunguka kama kichwa cha bundi.

Nitaambiwa kwamba msuguano unashika vitu vingi duniani. Kweli. Mpini wa jembe la tundu unashikwa na nini kama si msuguano? Lakini aliyelibuni jembe alifikiri. Mpini ni mnene upande wa kichwa, na kila jembe linapoinuliwa na kushushwa chuma hujivuta kuuelekea ule unene. Kazi yenyewe hukaza. Katika shingo ya kusukumiza mambo ni kinyume: kazi yenyewe hulegeza. Piga hesabu uone. Vidonge 200 vya gramu 3 ni gramu 600; ongeza hopa yenyewe na betri zake, unakaribia kilo moja. Kilo hiyo yote imesimama juu ya mkia ulioshikwa kwa sentimita 3 hivi. Mchezaji hakai kama sanamu. Anakimbia, anapiga magoti kwa kishindo, anajitupa nyuma ya gogo, na kila tendo ni wenzo unaoung'oa mkia pale shingoni. Tena zipo hopa za umeme ambazo mota yake husukuma vidonge viingie chemba kwa kasi. Na kinachosukuma chini, nacho husukumwa juu. Hopa za namna hiyo hujiinua zenyewe taratibu kutoka shingoni, na mwenye bunduki hana habari.

Wengi hudhani kasoro ni hopa kuanguka tu. La hasha. Kabla ya kuanguka huinama, na hopa iliyoinama hutoa vidonge kwa kusitasita. Kidonge kinaposhuka nusu, komeo la bunduki linakuja mbele na kukikata katikati. Rangi hujaa chemba, hujaa mtutu. Kidonge kinachofuata hutoka kimepakwa ute na kwenda upande. Mchezaji anadhani bunduki ni mbovu, au vidonge vimeoza. Nimewaona watu wakinunua mtutu mpya, springi mpya, hata bunduki mpya, ili kuponya ugonjwa uliokuwa shingoni. Na mwenye duka, ambaye anaijua kasoro hiyo vizuri sana, alinyamaza akahesabu fedha.

Hayo ni ya fedha, na fedha hutafutwa. Nina neno zito zaidi.

Kidonge hutoka mtutuni kwa kasi ambayo viwanja vingi vya nje huiwekea mpaka wa futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91, zaidi ya kilomita 320 kwa saa. Ukifanya hesabu ya uzito na kasi utaona kwamba kinabeba nguvu kama ya jiwe la kilo moja lililoangushwa kutoka mita moja na robo. Mgongoni ni alama ya zambarau itakayokwisha baada ya wiki. Jichoni ni upofu. Ndiyo maana barakoa ya kinga haina mjadala katika mchezo huu, na Marekani ina kipimo maalumu cha kioo chake, kinachoitwa ASTM F1776. Jicho lisilofunikwa ndilo janga kubwa la peintiboli. Michubuko mingine yote ni hadithi za kusimulia nyumbani.

Siku moja, katika uwanja mmoja wa jimbo la Ohio, walikuja watoto kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Mmoja wao, wa miaka kama 13, alipewa bunduki ya kukodi ambayo hopa yake ilikuwa imefungwa tepu mizunguko isiyohesabika. Mchezo wa tatu alipiga magoti nyuma ya pipa, hopa ikang'oka, vidonge vikamwagika majanini kama mahindi. Mtoto akainama kuvikusanya. Alikuwa anahema, kioo cha barakoa kimejaa ukungu, haoni hopa iko wapi. Akaipandisha barakoa kwenye paji la uso ili aone. Refa akapuliza filimbi, lakini filimbi haisimamishi kidonge kilichokwisha kutoka. Aliyefyatua alikuwa hatua 40 mbali, naye aliona kichwa tu kikijitokeza pembeni ya pipa. Kilimpata mtoto juu ya mfupa wa shavu. Nilimwosha uso kwa maji ya chupa pale kwenye meza yangu huku uvimbe ukija kama kunazi, kisha kama limau. Kati ya jeraha na jicho palikuwa na nafasi ya vidole vyangu viwili.

Mama yake alipouliza imekuwaje, mwenye uwanja alimjibu kwa upole na kwa ufasaha. Kanuni ilisomwa asubuhi mbele ya wote. Barakoa haivuliwi uwanjani kwa sababu yoyote. Karatasi imetiwa sahihi. Mtoto amevunja kanuni. Kila neno lilikuwa kweli, na mama yule hakuwa na la kuongeza.

Mimi ninalo. Kanuni ni ya haki, na mtu anayeipandisha barakoa yake uwanjani nitamkaripia kabla ya kumwonea huruma. Lakini nani alimtia mtoto yule katika haja ya kuivua? Ukimpa mtu ndoo iliyotoboka, usimlaumu kwa tope la njiani. Kifaa kinachojitawanya majanini katikati ya mchezo kinamwita mchezaji ainame, atafute, ahangaike, asahau. Kinamwita mtoto kuliko mtu mzima, na mgeni kuliko mzoefu. Tazama basi jinsi mambo yalivyopangwa kichwa chini miguu juu: wazoefu, ambao mikono yao imekwisha zoea kusimika hopa gizani, ndio wenye shingo nzuri walizonunua wenyewe, wageni na watoto wa siku ya kuzaliwa ndio wanaopewa tepu. Mwenye uwanja aliposema "mtoto amevunja kanuni", alisema nusu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa mezani kwangu, imezungushiwa tepu nyeusi, ikisubiri mtoto mwingine wa saa tisa.

Dawa yake si siri wala si ya jana. Ni shingo ya kubana. Ni bomba fupi la aluminiamu, chini lina hesi za kuingia katika mwili wa bunduki, juu limepasuliwa ufa mmoja ubavuni kama ukosi wa shati. Kandokando ya ufa pana masikio mawili, na kati yake skrubu yenye mkono mfupi. Ukiulaza mkono, tumbo lake lililo nje ya kati husukuma masikio yakaribiane, ukosi hukaza mkia wa hopa pande zote. Ukiuinua, hopa inatoka kwa vidole viwili. Yeyote aliyepata kushusha kiti cha baiskeli chenye kibano cha mkono anakijua kifaa hiki tayari. Ni kilekile, kimehamishiwa mahali pengine. Zipo pia zinazokazwa kwa skrubu ya gurudumu la kidole, polepole zaidi lakini zinashika vilevile. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hazijali unene wa mkia. Mnene, mwembamba, uliolika, wote hubanwa. Ile nusu milimita iliyokuwa ikitutesa haina kauli tena.

Wapo watu wa kati, nao nawaheshimu kidogo kuliko watu wa tepu, si kwa mengi. Hawa hufunga klipu ya bomba la maji, ile ya chuma yenye meno inayokazwa kwa bisibisi, juu ya kiwiko cha plastiki. Inashika, sikatai. Lakini kuondoa hopa unahitaji bisibisi kila mara, na hopa inapaswa kuondolewa kila siku mara kadhaa ili kusafisha. Watu huchoka, huiacha klipu nusu imekazwa, na tumerudi kulekule kwa msuguano. Tena makali ya klipu hukwaruza mikono. Mtu aliyetumia klipu miaka mitatu akajisifu kwa kuokoa fedha, ningependa anionyeshe fedha hizo.

Sasa nije kwa kundi la wenye viwanja wanaopiga marufuku "ubadilishaji wowote". Wanayo sababu, na sababu yao inaanzia kwenye gesi. Chupa ya kabonidayoksaidi katika joto la nyuzi 21 hubeba shinikizo la kiasi cha pauni 850 kwa inchi ya mraba. Chupa za hewa iliyoshindiliwa hubeba 3,000 au 4,500. Valvu iliyofunguka kutoka kwenye chupa imewahi kuua watu. Na anayebadili springi au valvu anaweza kupandisha kasi ya kidonge kupita mpaka bila kujua, mpaka apimwe. Kwa hiyo mwenye uwanja anayemkataza mgeni kuchezea chupa, valvu, springi na kifyatulio anafanya vema, na mimi ningemsaidia kubandika tangazo. Lakini shingo haimo katika orodha hiyo. Haishiki shinikizo la chupa. Haiongezi kasi hata futi moja. Haigusi kifyatulio. Ni njia ya kupitia vidonge, kama mfereji ulivyo njia ya maji. Anayeweka shingo na valvu katika marufuku moja hakutofautisha mlango na msingi wa nyumba, na matokeo ya marufuku yake ni kwamba tepu, ambayo nayo ni ubadilishaji, imeruhusiwa kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuiita hivyo.

Nisije nikadaiwa kwamba napiga kelele bila kuonyesha kazi. Kazi ni hii, nayo haimalizi nusu saa. Kwanza valia barakoa, ziba mtutu kwa kifuniko chake, ondoa hopa na uhakikishe hakuna kidonge kilichobaki. Kisha ondoa chupa ya gesi, elekeza bunduki ardhini na ufyatue mpaka isiwe na pumzi kabisa. Bunduki iliyotolewa chupa bado inaweza kuwa na mfyatuo mmoja au miwili tumboni. Ndipo ufungue shingo ya zamani. Nyingine zimetiwa gundi ya hesi kiwandani. Usizing'ang'anie kwa koleo, zipulizie hewa ya moto ya kikaushia nywele kwa dakika chache, gundi italegea. Safisha hesi kwa mswaki mkuukuu.

Hapa pana jambo ambalo duka halitakuambia. Hesi za kampuni hii si hesi za ile. Shingo hununuliwa kwa jina la bunduki, si kwa kuipenda rangi yake, na shingo "inayokaribia kuingia" haiingii. Bunduki zenye kiwiko hazina hesi za shingo kabisa. Hizo hubadilishiwa kiwiko kizima, chenye kibano juu yake. Ukishapata ya haki, isimike mahali pake, kisha izungushe kinyume kwanza, polepole, mpaka usikie hesi zikitua, tak. Ndipo uanze kukaza kwa vidole, vidole tu. Aluminiamu ni laini. Hesi zikipandana, umeuharibu mwili wa bunduki, na mwili wa bunduki ni ghali kuliko shingo ishirini. Tone moja la gundi ya hesi ya buluu, ile inayofunguka kwa nguvu ya mkono, linafaa kwa chuma juu ya chuma. Nyekundu usiiguse, na kama mwili wa bunduki ni wa plastiki usitie gundi kabisa, kwa kuwa zipo plastiki zinazopasuka kwa gundi hizo.

Mwisho rekebisha kibano. Weka hopa, legeza skrubu mpaka mkono ulale kwa nguvu ya kidole gumba na si zaidi. Anayekaza kwa hasira huuponda mkia wa hopa, tundu likawa yai, vidonge vikakwama. Halafu huja kwangu kusema shingo za kubana hazifai. Dondosha kidonge kimoja ndani na mtutu umeelekea chini: kipite bila kugusa. Kisha, gesi ikiwa bado haimo, ishike hopa, inua bunduki nzima nayo, uitikise. Ikining'inia kama jogoo aliyeshikwa miguu, kazi imekwisha.

Na kazi iishie hapo. Nasema hivi kwa sababu ninalo kundi jingine la kugombana nalo, nalo hujidhania kuwa upande wangu. Ni wale waliokwisha kubadili shingo wakaona utamu, wakabadili mtutu, mpini, kifyatulio, komeo, wakapaka kila kipande rangi ya zambarau na kuchora fuvu. Bunduki ya dola 100 imetiwa vifaa vya dola 300 na bado ni bunduki ya dola 100. Maduka huwapenda watu hawa kuliko watoto wao wa kuzaa. Kwa ajili yao shingo ile ile, aluminiamu ile ile, hesi zile zile, huuzwa mara mbili au tatu ya bei kwa kuwa imechorwa nembo na kutiwa rangi ya dhahabu. Watu hawa ndio waliolipa neno "kubadilisha" jina baya, hata mzazi akisikia mwanawe anataka kubadilisha shingo anadhani ni mwanzo wa ufujaji. Tofauti ni nyepesi: uliza kifaa kinazuia kasoro gani. Shingo ya kubana inajibu swali hilo kwa sentensi moja. Fuvu la dhahabu halijibu.

Wenye viwanda nimewaacha mwisho kwa kuwa hatia yao ndiyo kubwa na maelezo yake ndiyo mafupi. Walijua. Mtu anayetengeneza shingo ya kubana kwa bunduki yake ya bei ghali hawezi kusema hakujua kasoro ya ile ya rahisi. Aliigawa makusudi: mwenye fedha apewe kinachoshika, asiye nazo auziwe kilichopungua, kisha auziwe na kilichopunguzwa, ndani ya mfuko wake wa plastiki, ukutani, dukani. Fundi baiskeli yeyote wa kwetu akikuuzia baiskeli isiyo na kibano cha kiti, akakuelekeza kibano kinapouzwa, utamwita jina lake. Huku Marekani jambo hilo huitwa "vifaa vya ziada". Siku hizi bunduki za kati na hata baadhi za rahisi hutoka kiwandani na shingo ya kubana, nami nafurahi. Lakini hilo halikumfikia yule anayekodi, kwa sababu bunduki za kukodi hutumika mpaka zife, na huchukua miaka mingi kufa.

Mwenye uwanja atasema: nina bunduki 40, shingo 40 ni gharama. Sawa, tuihesabu gharama hiyo kwa kipimo anachokijua yeye. Shingo moja ya kubana isiyo na madoido ni rahisi kuliko sanduku moja la vidonge 2,000. Basi bunduki 40 ni chini ya masanduku 40, na uwanja wenye wageni humaliza masanduku hayo kwa Jumamosi chache, ukiyauza kwa faida. Akizibadili kumi kumi, anaanza na zile anazowapa watoto. Tepu anayoinunua, na mikono ya vijana wanaoizungusha kila asubuhi kabla ya kufungua lango, nayo ni fedha, ila hajapata kuiandika daftarini.

Wewe mzazi unayempeleka mwanao Jumamosi ijayo, fanya hivi kabla ya kutia sahihi karatasi yao. Bunduki ya kukodi ikiwekwa mezani, usitazame mtutu. Shika hopa kwa mkono mmoja na uiinue taratibu. Ikitoka peke yake, au ukiona tepu nyeusi shingoni, irudishe, uombe nyingine. Wakikuambia zote ziko hivyo, waombe wakuitie fundi wao, umwulize kwa nini, na umwulize kwa sauti ya kusikika na wazazi walio nyuma yako kwenye foleni.